Mama Kahamia Mbali

Machi 6

Mwanangu mpenzi,

Umeamkaje, na mkwe wangu kifua chake kimetulia? Mimi mzima, ila masikio yamechoka. Huku hakuna anayejua lugha yetu isipokuwa nesi wa zahanati, nami lugha yao najua neno moja tu, la kumwambia mtu aseme taratibu. Kila anayenisemesha namwambia hilohilo. Basi limekuwa jina. Nikipita barabarani wananiita Bi Taratibu, nami naitika.

Nimepata chumba kikubwa nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea. Mchana ni cheche na kelele za mageti, jioni kimya hadi unamsikia mbuzi akitafuna. Pensheni yangu ya ualimu, ambayo huko ilikuwa ikikata roho katikati ya mwezi, huku inanilisha na kunivisha. Mji wenyewe ni barabara moja ya vumbi, na basi huja Jumamosi tu. Usicheke.

Ni mimi mama yako, akili bado ninazo.

Machi 29

Mama,

Shikamoo. Hapa hatujambo, kifua cha mkweo kimepona. Wewe ndiye unayetuumiza vichwa.

Shangazi alikuja Jumapili, akaniuliza mbele ya wageni kama nimekufukuza. Nilikosa pa kuuficha uso. Mama, nchi ya watu, umri huo, ukiugua nani atakushika mkono? Chumba chako hapa nimekipaka rangi upya. Rudi tu, hakuna atakayekuuliza kitu.

Mwanao anayekukumbuka.

Aprili 20

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi kifua kimepona, mwambie asirudie kuoga maji baridi. Na shangazi yako mwambie nimejifukuza mwenyewe.

Nikuambie jambo, usinune. Kwako nilipendwa sana. Nikishika sufuria, nanyang'anywa. Nikishika ufagio, "Mama, kaa." Nilikuwa kama vyombo vya wageni, vinafutwa vumbi na kurudishwa kabatini. Huku jirani yangu mwoka mikate hunigongea alfajiri nikamsaidie kukanda unga, na nikikanda ovyo ananigombeza. Tangu lini sijagombezwa mimi? Nimenenepa.

Mama yako.

Julai 2

Mama,

Nisamehe, leo sina salamu. Tangu Mei hujaandika. Simu yako haipatikani, na juzi ilipoita alipokea mwanamke nisiyemjua. Alisema maneno mengi, nikaambulia moja tu, lile jina lako la huko. Kisha akalia. Nami nikalia, hakuna aliyejua mwenzake analilia nini.

Huenda nikafika kabla ya barua hii. Napanda basi la Jumamosi.

Mwanao.

Agosti 3

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Nimefika salama, vumbi la huko bado linatoka nyweleni.

Nilikuja kukuchukua, hilo ulilijua. Nilipokukuta kitandani na plasta hadi pajani, nikasikia ulianguka kwenye ngazi za mwoka mikate tangu Mei na ukamkataza nesi asiniandikie, hasira zilinipanda. Ila kuna usilolijua, maana ulikuwa umelala. Mchana uleule nilianza kufunga mizigo yako. Mwoka mikate, ndiye yule aliyelia kwenye simu, akaingia na nesi, akaliona begi limejaa, akakaa sakafuni palepale. Alisema kwa sauti ndogo, nesi akanitafsiria: "Tuambie tulipokosea turekebishe. Usimchukue."

Mama, nilikitazama chumba. Fundi alikuwa amekuchomelea bomba la kushikilia toka kitandani hadi chooni, akalisugua lisikukwaruze mikono. Shuka zilikuwa safi kuliko zangu. Wanawake walikuwa na zamu za kulala kwako, na zamu zenyewe wanazigombania. Na mimi, mtoto wa kukuzaa, nilikuwa nimepaka rangi chumba. Nikafungua begi, nikarudisha nguo zako moja moja. Ulipoamka ukadhani bado sijaanza.

Shangazi nimemweleza yote. Amenuna, yatamwisha.

Mwanao.

Agosti 28

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Plasta imetoka. Mguu umebaki mwembamba kama wa korongo, lakini unatii.

Nawe nikuambie usilolijua. Asubuhi ile ulipokaa dirishani kwenye basi, na mimi langoni nimeegemea bega la fundi, nilitaka kupiga kelele dereva asimame, ushuke unichukue. Neno lilifika hapa kooni, nikaling'ata. Ningeenda, ungenipenda vizuri sana, na mimi ningekaa nikipendwa mpaka nife. Basi lilipokata kona nililia hadi mwoka mikate akanigombeza.

Jana fundi alitoa vyuma vyake kwenye chumba kinachopakana na changu. Nimemwomba anikodishe, na huku chumba ni bei ya kutupa. Kina dirisha la upande wa jua la asubuhi, na mlango unafunga vizuri. Akauliza ni cha nani. Nilimjibu kwa lugha yao, neno kwa neno, wala sikukosea hata moja: "Ni cha binti yangu. Atakuja Desemba."

Usiniaibishe.

Mama yako.