Wameufunga Mfereji Wako wa Skuli

Baba Zuwena wangu,

Salamu nakuletea kila baada ya sala, kwa hiyo leo naingia moja kwa moja. Skuli imefungwa. Ile ya mkabala na fleti yetu hapa Woolwich, aliyosoma mwanao Zuwena na baadaye mjukuu wako Salma. Wewe umelala huko umestarehe, mimi ndiye ninayetazama geti lenye mnyororo kila nikifungua pazia.

Unakumbuka bomba la barabara yetu lilipopasuka? Watu wakakaa majumbani kusubiri kampuni ya maji ilete chupa. Wewe ukatwaa ndoo ya manjano, mimi ukanipa ya kufulia, ukasema twende skuli, kwa kuwa maji yake yalitoka barabara ya pili. Nikakwambia, mume wangu, hapa si Unguja. Ukaniambia nisikutie nuksi. Kwetu baada ya Mapinduzi skuli ilikuwa bure na maji bure, na wewe fundi wa Idara ya Maji ulikuwa ukitia mfereji, bomba na koki yake, kwenye uwanja wa skuli ili na mtaa uteke. Ukadhani dunia nzima iko hivyo. Nilikufuata nyuma kanga nimeishikia usoni.

Mwalimu mkuu, yule mama mwembamba wa Kiingereza, akakukuta uani kwake na ndoo, akauliza unatafuta nini. Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha kuokoteza: "Skuli ya mtaa, maji ya mtaa." Akakutazama, akacheka, akakufungulia mfereji wa uani. Kabla ya adhuhuri Singasinga wa dukani alishakuja na madebe, na mama wa Kinaijeria wa ghorofa ya juu na masufuria yake, na wewe umesimama mferejini unapanga foleni kama umeajiriwa. Tangu hapo mfereji ule ukivuja wanakuita wewe. Nilikusema sana, na bado nakusema: mgongo wako uliuharibu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Sheria ya hapa inasema fedha za skuli zinafuata vichwa vya watoto. Kodi za nyumba zimepanda zikawahamisha wazazi wao, watoto wamepungua, na fedha nazo zikapungua, skuli ikashindwa kulipa walimu, umeme na maji. Ndivyo alivyotueleza diwani mkutanoni, kijana wa tai, anasema taratibu kama anayeleta habari ya msiba. Nikasimama. Mimi niliyesoma Kurani na skuli sikumaliza, nikamwambia Salma atafsiri: "Muulize, kwao mtoto mmoja akiolewa akatoka, waliobaki hunyimwa chakula?"

Salma akaninong'oneza kuwa diwani haambiwi hivyo. Akasema kitu kirefu chenye plizi nyingi. Kiingereza nakisikia kuliko wanavyodhani, nikamwambia arudie nilivyosema mimi. Akarudia. Ukumbi ukapiga makofi, diwani akaandika. Skuli ikafungwa vilevile.

Sikulia, usidhani. Nakula, nasali, nakunja nguo. Nilitaka kukasirika kama zamani, hasira haikuja. Nikikaa kitini naweza kukaa tu, mpaka chai inipoe mkononi.

Wiki iliyopita watu wa kampuni ya maji wakaja kuufunga mfereji wako. Nikashuka na ndoo ya manjano. Mmoja akaniuliza kama nyumbani hakuna maji. Nikamwambia yapo. Akanisubiri nikajaza, kisha akaufunga kwa spana yake. Ndoo iko jikoni mpaka leo. Zuwena anaipita, haulizi.

Salma sasa anapanda mabasi mawili kwenda skuli mpya. Jana karudi, nikamuuliza ikoje. Unamjua, nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Safari hii alivua viatu, akakaa chini karibu na ndoo, akanijibu kwa Kiswahili, "Bibi, nimezunguka uwanja wote. Mfereji hakuna."

Nikamwekea chai. Ungekuwepo wewe, ungeshaitafuta spana yako, na mimi ningekusema.

Mungu akunyweshe maji baridi huko uliko.

Mkeo,
Mama Zuwena