Godlisten Alishuka KIA

Kinyerezi, Jumapili

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Kwa kuwa siku hizi hupokei simu zetu, nimeona nikuandikie. Sie wazima, na yule jogoo uliyetuletea bado anawika saa anayotaka yeye.

Erasmus wa teksi hakukudanganya. Mwanao Godlisten alishuka kweli KIA, huko kwenu Kilimanjaro, akanywa chai palepale uwanjani, akageuza na ndege kurudi Dar bila kuja kukusalimia. Usidhani ana mwanamke huko, Mama! Anatafuta pointi. Shirika la ndege linampa msafiri wa mara kwa mara kadi ya dhahabu, basi hapangi foleni na wahudumu wanamwita kwa jina. Mwenzangu kapagawa na hiyo kadi. Jioni nzima ni kupanga safari tu, hata chakula kinapoa.

Lakini pointi zinapatikana hata ukienda Mwanza. Nikambana: mbona kila mara KIA? Akasema, "Mke wangu Tupo, nakuwaga nimedhamiria kufika nyumbani. Ila tangu tumzike baba, nikishuka tu pale naishiwa nguvu."

Basi mie nimechukua pointi zake nikakukatia tiketi ya kuja huku Dar Jumamosi, imo humu kwenye bahasha. Yeye nimemwambia anaenda uwanjani kupokea mkungu wa ndizi. Tafadhali njoo nao, nisionekane mwongo.

Na kwa vile anapenda kuitwa kwa jina, ukimwona tu, muite.

Mkweo, nishaanza kutandika kitanda chako,
Tupokigwe