Blanketi Lililorudishwa

Morogoro,
Jumapili jioni.

Dada Kristina mpendwa,

Shikamoo. Hapo Milanzi mnaendeleaje, na kifua cha mama kinasemaje na baridi hii? Mimi nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya, nawe ndiye uliyenilea.

Goti nililoumia mbioni halijapona. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa akiniita injini ya Sumbawanga, sasa ananipita kama nguzo. Siku hizi za ruksa, kila kitu kwa pesa, ada ya shule imerudi, nami nilisamehewa kwa sababu ya mbio tu. Huko nyumbani najua wapo wanaosema nimerogwa, na wengine bado wanasubiri redio itaje jina langu. Nitawaambia nini? Darasani siambulii kitu, chakula hakipiti. Dada, nimechoka kuishi. Basi, nimeshaandika.

Chumbani nakaa na Masanja, mruka juu, Msukuma. Sisi ni watani, kutukanana ndiyo salamu yetu. Wiki iliyopita nilimwambia, "Mtani, mimi nitakufa." Akacheka sana. "Kufa haraka, Mfipa wewe, nije kwenu nikale wali wa matanga!" Nikacheka naye, maana mtani angejibu nini kingine? Lakini nililala nikijua hakuna atakayenisikia.

Kesho yake nikampa njumu zangu, zile za mtumba ulizonichagulia sokoni. Akashukuru, akazijaribu. Halafu nikampa blanketi ulilonipa wewe. Hapo akazivua njumu.

"Mfipa, mtoto wa baridi, agawe blanketi?" akasema. "Mshikaji, unakwenda wapi wewe?"

Nililia mbele yake, mwanaume mzima. Hakutania tena. Akanifunika lile blanketi, akanishika mkono mpaka kwa nesi wa shule, akamwambia nisiachwe peke yangu. Nesi aliniuliza waziwazi kama nataka kufa. Nikasema ndiyo. Hakunikemea wala hakushtuka, alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Sasa ananiita kila siku, na Masanja amekokota kitanda chake hadi kikagusa changu.

Usidhani yamekwisha. Asubuhi wenzangu wakitoka kukimbia naziba masikio, na siku inayofuata naiona haina kazi na mimi. Nesi anataka nipumzike nyumbani, ila niende na mtu wangu. Naogopa kurudi mikono mitupu, na kubaki naogopa zaidi.

Mama mweleze taratibu, usimfiche. Msalimie shemeji na baiskeli zake anazotengeneza, na mjomba wa Matai aliyeniahidi ndama nikishinda. Mwambie ndama abaki naye, asinune.

Njoo unichukue, dada. Siku ya kurudi watu wasije stendi na ngoma kama walivyoniaga. Na wewe ukifika hapa, najua macho yatakimbilia goti. Goti uliulize baadaye. Kwanza niulize mimi.

Mdogo wako anayekusubiri,
Deusi