Ulimi Wako Ulikuwa Mzima

Dada Sabina,

Nimetoka sasa hivi kujaza dizeli kwenye ile gari yako ya kulala safarini. Mikono inanuka. Nimenawa mara mbili na bado inanuka, mpaka nimeanza kudhani kinachonuka ni mimi mwenyewe.

Kuna kitu ulikufa hukijui, na mimi nilikuwa nakijua. Kila nikitaka kukisema kwa mdomo, nageuza mazungumzo. Wacha nikiandike hivyo hivyo kilivyo kibaya.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, daktari alikukataza ndege kwa sababu ya mapafu, ila akasema kwa barabara unaweza. Ulivyofurahi! Ukatandaza ramani ya karatasi mezani, nyumbani kwako Agincourt, huku huku Scarborough, ukaanza kupanga. Sudbury tunalala. Wawa tunalala. Thunder Bay tunapumzika siku nzima, halafu Winnipeg kwa mwanao Neema, ukampakate mjukuu wako wa kwanza. Ukanunua mablanketi, koleo la theluji, dawa ya kuzuia dizeli isigande kwenye baridi. Mimi ukanipa kazi moja tu. "Festo, kajaze mafuta. Na usome kwenye vifuniko kwanza, usifungue tu."

Nikakucheka. "Dada, nimeendesha malori Dar mpaka Tunduma miaka kumi na moja, leo wewe ndiyo unifundishe kujaza mafuta?"

"Malori hayakuwa na jiko wala choo," ukasema. "Soma."

Sikusoma. Ubavuni mwa ile gari kuna vifuniko viwili, na vyote vilikuwa vimejaa tope la chumvi la barabarani. Baridi kali, simu sikioni, nabishana na mtu habari za mpira. Nikafungua cha kwanza nilichokiona, nikachomeka mpira wa dizeli, nikajaza. Niliporudi kuwasha gari, mshale wa mafuta ulikuwa palepale. Nikajua hapohapo. Dizeli yote nilikuwa nimeimimina kwenye tangi la maji ya kunywa.

Na sikukwambia. Dereva wa malori, eti! Nikaipeleka gari nyuma ya ghala kazini kwangu, nikaitoa dizeli kwenye madumu, nikaosha tangi kwa sabuni ya vyombo, kwa magadi, kwa ndimu. Nikaweka maji mapya. Nikanusa, nikajiambia imeisha. Lakini plastiki ikishakunywa dizeli haitapiki. Hilo nalijua tangu utoto, Dada. Dumu la mafuta ya taa nyumbani lilioshwa mara ngapi?

Jumamosi ukaja na kanga yako kiunoni kujaribu jiko la safari. Ukachemsha chai ya tangawizi. Ukapiga funda moja, ukatema kwenye sinki.

"Festo, chai hii inanuka mafuta."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Badala yake nikakuchukulia kikombe mkononi nikakinywa chote mbele yako. Chote. Nilikuwa nasikia dizeli inashuka mpaka tumboni, na uso nimeukaza unatabasamu. "Mbona nzuri tu, Dada. Ni hizo dawa zako, zimekuharibu ulimi."

Ukaniangalia sana. Halafu ukasema taratibu, "Basi ni mimi."

Siku nzima nilibeua dizeli, na bado sikusema.

Ulimi wako ulikuwa mzima, Dada. Ulikuwa mzima kuliko wa mtu yeyote. Wewe si ndiye uliyekuwa unaitwa kwenye kila harusi na kila msiba wa Waswahili wa Scarborough kuonja pilau kabla halijapakuliwa? Tangu siku ile ukaacha kuonja. Unasimama jikoni kwako na mwiko mkononi, unaniita. "Onja wewe, Festo, mimi ulimi umeshakufa." Na mimi naonja! Nasema chumvi imetosha, kama mtu mwaminifu.

Wiki ya pili ukaikunja ramani. "Mwili uliokataa chai, barabara utaiweza? Mwambie Neema nitakuja kiangazi."

Ukafa mwezi wa pili. Yule mtoto ulimwona kwenye simu tu.

Kwenye msiba watu walisimama mmoja mmoja kunisifu nilivyokutunza. Mama mmoja akanishika mikono yote miwili. "Ndugu kama wewe wamebaki wachache." Nikamwambia asante. Asante, Dada! Nikala na pilau lao. Nikikumbuka sahani ile nataka kujitemea mate.

Mjukuu wako sasa anatembea. Ana kisigino kizito kama chako, majirani wa chini wanalalamika. Na mwezi uliopita Neema akanipigia, tukakutaja, nikamwambia ulikuwa unaumwa. Unajua wanavyosema hawa waliokulia huku, swali la Kiswahili, jibu la Kiingereza, lakini nilimwelewa vizuri sana. Alisema, "Mjomba, usimtetee. Mama hakutaka kuja. Angetaka angekuja."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mwanao anakulaumu wewe. Na mimi nikaguna tu, "Mmh." Hata hapo, Dada. Hata hapo!

Nimeng'oa lile tangi la maji nikaweka jipya. Leo nimesoma vifuniko vyote viwili kwa sauti, mhudumu wa pale akaniona mwehu. Dizeli ni ile ya baridi, dawa yake nimeweka. Naondoka Alhamisi kwenda kwa Neema, kwa njia yako ileile, na jua likizama nasimama, maana wale wanyama wakubwa wa huku wanavuka barabara gizani. Wakifunga barabara kwa theluji, nitangoja mpaka wafungue. Wenzangu wa kazini wananiuliza kwa nini nisipige simu tu. Kwenye simu nitaguna tena, najijua.

Nakuahidi hivi. Neema akifungua mlango, kabla hajanikaribisha ndani, kabla sijamgusa mtoto, nitamwambia, "Mama yako alikuwa anakuja, mimi ndiye niliyemrudisha." Nitamwambia na kile kikombe. Akinifungia mlango, ana haki. Nitalala garini, na asubuhi nitagonga tena, mpaka aache kukulaumu wewe aanze kunilaumu mimi.

Pumzika, Dada. Hasira zake niachie mimi.

Mdogo wako,
Festo