Chiriku Hakugeuka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kumnyanyua mzee wa watu umepata nafuu. Ukitaka kujua hali zetu kwa ufupi, sisi tunapumua. Ukitaka kwa urefu, tafuta kiti ukae, na kama huyo mzee unayemtunza yuko macho, ngoja kwanza asinzie.

Mama hajambo. Magoti bado yanamsumbua, lakini mdomo haujaguswa na ugonjwa wowote. Anaamka kabla ya kila mtu na kutugombeza kwa makosa ya jana. Mimi nipo palepale kwenye karakana ya vichezeo, na bado wananiita Bisibisi, jina ulilonibandika wewe siku nilipoifungua redio ya baba nikashindwa kuifunga. Najua unashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ninayotaka kukueleza hayasemeki kwa simu. Utanikatiza kwa kilio, nami nikikatizwa sirudi tena nilipoishia. Nakujua na najijua. Niruhusu basi nianzie mbali kidogo, kwenye kazi yangu, kwa sababu habari yenyewe imetokea huko.

Tajiri wetu alirudi kutoka kwenye maonyesho akiwa na wazo. Alisema watoto wamechoshwa na magari yanayotambaa sakafuni, sasa wanataka kitu kisichogusa chini. Akaniambia nimtengenezee kisanduku chenye mota, kinachobana hewa ndani na kuitoa juu kwa nguvu, ili ukiweka mpira juu ya hewa hiyo ukae unaelea bila kushikwa na chochote. Wala si mpira tu. Alitaka na yai la plastiki lielee, na kikombe cha karatasi, na hata kidoli chenye mwavuli. Mimi nikaitikia ndiyo kabla hajamaliza kusema. Unajua ubovu wangu.

Kazi ile ilinitoa jasho, Dada. Nilianza na feni peke yake; mpira ukajiinua kidogo kama mgonjwa anayejaribu kuketi, kisha ukaanguka pembeni. Nikaongeza chumba kidogo cha kubania hewa, nikakiwekea mdomo mwembamba juu. Mdomo ukiwa mpana hewa inatawanyika, ukiwa mwembamba mno mpira unarushwa hadi darini. Nilikata midomo ya plastiki mpaka sakafu ikajaa vipande. Desturi yangu ni kubadilisha kitu kimoja, kukipima, ndipo niguse kingine, kwa sababu ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichokusaidia. Wenzangu hunicheka kwamba hata chai naipima sukari punje kwa punje. Lakini siku mpira ulipokubali kukaa, ulikaa. Nilikiinamisha kisanduku upande, na mpira ukainama nacho bila kuanguka, umeng'ang'ania hewa usiyoweza hata kuiona. Nilishangilia peke yangu kama mwendawazimu.

Tatizo likawa kelele. Mota yenye nguvu ya kuinua yai inanguruma, na hewa ikipita kwenye mdomo mwembamba inapiga mluzi unaochoma meno. Tajiri alisikiliza mara moja, akaziba masikio, akasema hakuna mzazi atakayekivumilia sebuleni zaidi ya siku moja. Akanipa muda mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa kupunguza kelele tunarudi kwenye magari, na mimi narudi kufunga skrubu.

Sasa nije kwa mwanao. Ulimwacha akiwa chiriku kwelikweli, na jina hilo bado analitendea haki. Anaongea tangu asubuhi mpaka usingizi umnyang'anye maneno. Ila kwa muda mrefu sasa amekuwa haambiliki. Unamwita, anaendelea na yake. Unamtuma maji, analeta kiatu. Unamkemea, anakutazama usoni kwa makini mpaka wewe ndiye unayejihisi mwenye kosa. Mama akawa na wimbo mmoja tu, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lenyewe akawa analivuta. Shuleni mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa kwa kuwa akiitwa haitiki, kisha akatuma ujumbe kwamba mtoto ana kiburi na pengine ni kwa kukosa malezi ya mama. Nisamehe, lakini ndivyo alivyosema. Na mimi mjomba wake siku moja nilimpigia kelele asivuke barabara, akavuka, baiskeli ikamkosa kidogo tu. Nilimzaba kofi. Alinitazama bila kuelewa, hata kulia alichelewa.

Upande wako unaujua mwenyewe. Ulikuwa ukipiga kwenye kile kisimu cha Mama cha vitufe, unamuuliza Chiriku amekula nini, naye anakujibu kwamba ni mzima, anasoma vizuri, kwaheri mama. Anamrudishia bibi yake simu na kwenda zake. Ukamuuliza kama amekukumbuka, akakujibu yaleyale. Ndipo uliponiambia, sauti ikiwa imekukauka, kwamba mtoto amekususa, moyo wake umehamia kwa bibi yake, na kama ni hivyo basi heri utie saini mkataba mwingine ukae huko mpaka akue, labda akiwa mkubwa atakuelewa. Tangu hapo ukawa unapiga kuongea na Mama tu. Mama hakukupinga. Ana sababu zake, nitazifikia.

Jumamosi iliyopita tajiri aliamuru tuwaite watoto wakijaribu kisanduku. Ni kawaida yetu. Hakuna kichezeo kinachouzwa kabla watoto hawajapewa nafasi ya kukivunja. Wakaja watoto wa wafanyakazi na wa mtaani, nami nikamleta Chiriku, njia nzima nikimwonya asiniaibishe. Nilipowasha mota, wote waliruka nyuma na kuziba masikio. Mmoja akaanza kulia akimtaka mama yake. Chiriku akaenda mbele. Alipiga magoti, akalaza shavu lake juu ya kisanduku, palepale mota inaponguruma, akafumba macho akitabasamu. Tajiri akasema huyu sasa ndiye mnunuzi. Mimi nikavimba kichwa.

Muda si muda mdomo ukaziba. Kipande cha kile kikombe cha karatasi kilinyonywa ndani, hewa ikakosa pa kutokea, na kifuniko cha nyuma kikafyatuka kwa mlio uliomleta mlinzi mbio kutoka getini. Watoto walipiga mayowe. Tajiri, pamoja na kitambi chake chote, alijikuta chini ya meza. Chiriku wakati huo alikuwa ametugeuzia mgongo, si mbali na kisanduku, akipanga mipira kwa rangi na kujisimulia hadithi. Hakugeuka. Alimaliza kupanga, akainua macho, akaona wenzake wanalia, ndipo akauliza kwa sauti kubwa wamefanywa nini.

Tajiri alijifuta vumbi akacheka, akasema mtoto huyu hana woga hata chembe. Nilitaka kucheka naye nikashindwa. Niliwaacha watoto wakigawiwa soda, nikakifunga kifuniko, nikamkalisha Chiriku mgongo wake ukinielekea mimi, kiganja chake juu ya kisanduku. Nikawasha, nikazima. Mara tu nilipozima aligeuka kuniuliza mbona imeacha. Nikakiondoa kiganja chake, nikakilaza mapajani mwake, nikarudia. Nikawasha na kuzima, nikawasha na kuzima, yeye anachezea kifungo cha gauni lake. Nikamwita Chiriku. Nikamwita kwa jina lake hasa. Nikaangusha mfuniko wa kopo la rangi sakafuni. Nilipima kitu kimoja kimoja, Dada, kama ninavyopima plastiki zangu, huku nikiomba kimoja tu kinisute. Hakuna kilichonisuta.

Mwanao hasikii.

Hakukususa. Hakuwahi kukususa. Simu zote hizo alikuwa hasikii lolote uliloliuliza. Alikuwa akipewa simu, anasema maneno yake ya siku zote, anairudisha. Na ule uchiriku wake nadhani ni ngao. Akiwa anaongea yeye, hakuna anayepata nafasi ya kumuuliza kitu.

Nilimpeleka hospitali bila kumwambia Mama. Daktari wa masikio alimpima, akaniuliza kama mtoto aliwahi kuugua homa kali. Niliitikia kwa kichwa. Hapo, Dada, ndipo penye jambo tulilokuficha. Hukuwa umefikisha hata miezi miwili tangu uondoke, Chiriku alipopatwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa, akapoteza fahamu, tukaambiwa tujiandae kwa lolote. Mama akanikataza nisikwambie, kwamba utakimbia kazi mkataba uvunjike, na mtoto mwenyewe atapona tu. Nikakubali. Ukipiga simu tunasema amelala, mara yuko kucheza, mara yuko kwa jirani. Akapona kweli. Aliporudi nyumbani alikuwa akiyumba akitembea, tukasema ni udhaifu wa kitandani. Hakuna aliyefikiria masikio. Daktari anasema homa ndiyo iliyoua usikivu wake, wote wa sikio la kulia na karibu wote wa kushoto, na hautarudi. Kifaa cha sikio kinaweza kumsaidia kidogo upande wa kushoto. Alisema tungemleta mapema, angekuwa ameshaanza kufundishwa lugha ya ishara muda wote huu ambao sisi tulikuwa tukimwadhibu. Hakuyasema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

Mama nilipomwambia alikaa kitandani akaitazama mikono yake. Hakugombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Kisha akanisihi nisikwambie mpaka utie saini mkataba mpya. Usimlaani. Aliniuliza ukirudi tutakula nini, kodi ya nyumba atalipa nani, na hicho kifaa cha sikio kitatoka wapi. Katika mshahara wangu hayo yote hayatoki, maana tajiri ameshaamua: kisanduku kitauzwa na mota ndogo ya kimya inayoinua mpira kimo cha kidole, bila yai, bila kidoli, na mimi nimerudishwa kwenye skrubu. Hofu ya Mama ni ya kweli. Lakini mara ya kwanza nilimtii, na umeona matunda yake. Mara hii nimekataa.

Nisingekubana hivi kama si jambo lililotokea jana. Nilimkalisha Chiriku nikajaribu kumweleza, kwa mikono, kwa kuchora, na kwa maneno machache anayoweza kuyasoma midomoni. Nikamwonyesha kitanda, sindano, homa. Nikaligusa sikio lake, nikalifunika. Alinifuatilia kwa makini, kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake kubwa, kama ni kweli basi kwamba hatukuwa tumemkasirikia. Sikumwelewa. Akaanza kunieleza. Anakumbuka kwamba siku ulipoondoka alijificha nyuma ya mlango akakataa kukuaga. Baadaye akaugua, na alipoamka akakuta kila mtu anachezesha mdomo bila sauti. Akajua ni adhabu. Aliamini tumekubaliana, mimi, bibi yake, mwalimu na watoto wote wa mtaani, tumnyime sauti zetu mpaka wewe utakapomsamehe. Ndiyo maana kila alipopewa simu alikuwa akikuaga. Alikuwa akilipa ile kwaheri, Dada. Kila mara anakupa kwaheri, anangoja usiku na mchana aone kama watu wataanza kusikika.

Nililia mbele yake kama mtoto, akanifuta kwa kofia yangu mwenyewe. Nilipotulia nilimwonyesha kwa kichwa na kwa mikono kwamba hakuna aliyewahi kukasirika, si mimi, si bibi yake. Akafikiri kidogo. Akaniuliza, na mama je?

Hilo sikulijibu. Si langu kulijibu, na kwa simu halijibiki. Usitie saini. Tutakula tutakachokula, tutahamia chumba kidogo, nitafunga skrubu mpaka vidole vitoke malengelenge. Njoo umjibu mwenyewe uso kwa uso.

Mama angekusalimu, kama angejua kwamba naandika. Wenzangu wa karakana nao wanakusalimu. Nifikishie pole kwa huyo mzee unayemtunza, na umwombe radhi kwamba tunakuchukua. Ukishapata tiketi nijulishe nije kukupokea, ila nakuomba upange safari ufike mchana. Gizani hawezi kuona mdomo wa mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi