Gitaa Libaki Kigoma

S.L.P. 318,
Kigoma.
14 Machi, 1998.

Mpendwa Mjomba Bonifasi,

Shikamoo. Habari za Tanga, na kifua chako kinaendeleaje na upepo wa huko? Mama anakuamkia kwa Kiha salamu ya asubuhi, "mwakeye", na amesisitiza niandike hivyohivyo hata kama utaisoma barua hii jioni. Sisi hatujambo. Mguu wake umepungua uvimbe na ameanza tena kwenda sokoni mwenyewe, ingawa akirudi hukaa mlangoni kwanza kabla ya kuingia ndani, na haruhusu mtu amuulize kwa nini.

Mvua za mwaka huu sijui nikuelezeje. Ziwa limepanda, na watu wa Kibirizi hawana pa kuanika dagaa. Wakianika asubuhi, mchana wanaokota uji. Reli nayo ilikatika, kwa hiyo barua yako ya Januari imenifikia juzi tu, bahasha ikiwa imejikunja kama jani la mgomba.

Nimeisoma tena na tena, hasa pale uliposema kwamba mwanao Feliksi amefika umri wa kujifunza, basi nilifunge gitaa lako vizuri nimpe mtu anayekuja huko kwa treni. Ni gitaa lako, Mjomba. Hukunipa, uliniachia, na sijawahi kulisahau jambo hilo. Lakini kabla sijalitia guniani naomba unisikilize, maana nakuandikia kukuomba libaki. Nikimaliza, uamuzi ni wako.

Ulipohamia Tanga uliniacha na gitaa, redio kaseti na kanda zako za kantri. Wewe ulikuwa unaimba na wale Wamarekani wako mpaka Mama anakufukuza uani. Mimi maneno yao sikuyajali sana. Nilichokuwa nakisubiri ni kile chombo kinachoingia nyuma pale mwimbaji anapovuta pumzi, lile gitaa la stili lisilogonga wala kukwaruza, linaloteleza tu kutoka sauti moja kwenda nyingine kama mtu anayebadili mawazo polepole. Nilimaliza kidato cha sita nalo kichwani. Sasa nafundisha kwa muda Mwandiga, narudi jioni, na bado ndilo ninalolisikia.

Nilianza kujifunza kipande kimoja kimoja. Nilinyanyua nyuzi kwa kijiti upande wa kichwa cha gitaa, nikalilaza gitaa mapajani, nikawa natelezesha juu yake kipande cha bomba la chuma. Na nikuambie kitu utakachocheka: walimu wangu walikuwa betri zilizokwisha. Zikiwa mpya, kile kipande hupita kabla sijajua kimeanzia wapi. Lakini zile tulizokwisha kuzitumia, ukizianika juani zikarudi na nusu uhai, kanda huzunguka kwa uvivu. Mwimbaji anakuwa kama mzee aliyelewa, na gitaa linafunguka, unasikia kila hatua. Basi nikawa nalegeza nyuzi zifuate ule uvivu. Mama alikuwa akiona betri zimepangwa kwenye bati anasema, "Wenzio wanaanika mihogo."

Ila palikuwa na jambo moja lililonishinda kwa miezi. Kuna mahali nyuzi mbili zinalia pamoja, moja inatulia pale pale, na nyingine inapanda taratibu mpaka inaikaribia. Sasa chuma nikikitelezesha, nyuzi zote zinapanda. Nikikiacha, zote zinakaa. Nilidhani ni magitaa mawili. Baadaye nikagundua kwamba ukibonyeza uzi kule nyuma, katika ile sehemu fupi iliyo kati ya kijiti na funguo za kukazia, uzi huo peke yake unapanda. Lakini mkono wa kulia unapiga, wa kushoto umeshika chuma. Wa kubonyeza sikuwa nao.

Melania humjui. Alivuka ziwa kutoka upande wa Uvira na shangazi yake vita vilipoanza kule, wakapata chumba kwa mwenyeji wao Ujiji. Shangazi aliuza mawese, na Melania akajiunga na kwaya yetu. Ni wa rika langu. Siku ya kwanza baada ya mazoezi alisimama akanitazama ninavyohangaika, mikono kiunoni.

"Weye, ile gitaa imekukosea nini?" akaniuliza.

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alivuta kiti akakaa upande wa kichwa cha gitaa, akaweka kidole gumba nyuma ya kijiti, akasema, "Piga."

Nikapiga. Uzi wangu ukatulia, wake ukapanda. Mjomba, sijui kama imewahi kukutokea kusikia nje yako kitu ambacho kwa miaka kimekuwa ndani yako tu. Niliacha kupiga. Melania akanigonga begani. "Piga tena, sikusikia muzuri."

Tangu hapo tukawa watu wawili wa gitaa moja. Tukifanya mazoezi nyumbani, majirani waliteseka. Siku moja Bi Mwanvua wa nyumba ya pili aliingia mbio, kanga kaifunga kiunoni tayari, anauliza nani amefariki. Tulipomwonyesha gitaa akafungua kanga yake taratibu. "Kama hajafa mtu," akasema, "basi huyo paka mnayemkaba mwachieni." Hata leo akinikuta dukani huniuliza hali ya paka.

Tulipiga kanisani wimbo wa toba. Sitajisifu. Nitasema tu kwamba wakati ule uzi wa pili ulipokuwa unapanda, hakuna aliyekohoa.

Kulikuwa na dereva wa malori ya msaada, mtu wa Nairobi, mpenzi wa kantri kama wewe. Alitusikia akacheka mpaka akashika nguzo. Akatwambia kwamba lile gitaa halisi lina miguu kama meza, na chini lina pedali kama cherehani, unavuta nyuzi kwa kukanyaga. "Kwa hiyo wewe dada," akamwambia Melania, "ndiye pedali." Melania akamjibu, "Njo maana nachoka miguu." Ndiyo yetu, wao husema njo. Eliakimu, fundi baiskeli wa pale Mwandiga, yule mwenye jicho moja dogo, alikuwepo. Akaniambia pembeni kwamba kwa waya wa breki, springi na ubao angeweza kunitengenezea pedali kama hiyo. Nikamwambia sina haja, mkono ninao.

Mwishoni mwa mwaka likatoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani waende kambini. Lilisomwa mpaka kanisani. Sikuandikii kulaumu mtu, maana najua mji ulikuwa na hofu zake na watu walikuwa na maneno yao. Nakueleza tu nilichokiona. Shangazi yake Melania aliuza mawese yaliyobaki, akafagia chumba ambamo hangerudi tena, akamkabidhi mwenye nyumba ufunguo kwa mikono miwili. Nilikwenda kuwasindikiza kwenye lori la kambi ya Lugufu. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, unanijua, lakini machozi yakayatangulia.

"Usilie weye," Melania akaniambia kutoka juu. "Gitaa njo inaliaka. Mupigaji anakaa kimya."

Nilikaa wiki nyingi bila kuligusa gitaa. Kilichonisumbua zaidi, Mjomba, ni kwamba sikuwa na hakika ninachokikosa ni Melania au ni kidole chake. Nilijiuliza swali hilo darasani, wanafunzi wakiandika, mpaka nikawa najichukia. Nikienda kwa Eliakimu kuomba ile pedali, nitakuwa nimejibu. Nisipokwenda pia nitakuwa nimejibu, ila kwa woga.

Nilikwenda. Eliakimu alifunga kazi kwa siku kadhaa, akaleta ubao wenye kikanyagio, waya wa breki ukipita kwenye bomba lake hadi kichwani mwa gitaa, na kindoano cha kuvuta uzi. Usiogope, hakutoboa kitu, kimefungwa kwa skrubu na kipande cha ngozi ili kisikwaruze. Nikapiga. Mjomba, ilikubali. Uzi ulipanda pale pale kama kwenye kanda, bila kupungua wala kuzidi. Mama aliacha kuchambua mchele akasema, "Leo ndiyo imekuwa kama kwenye redio." Eliakimu akajifuta mikono akatabasamu, na mimi nikamshukuru kwa moyo, maana ni kazi nzuri sana.

Lakini nilipokuwa peke yangu nikagundua kwamba siku zote Melania alikuwa akichelewa. Kidogo mno, hata hujui. Nilipiga kwanza, akasikia, ndipo akavuta. Mimi nami nilijizoeza kumsubiri bila kujua kwamba nasubiri. Sasa mguu wangu haukusubiri mtu. Sikusema ni vibaya. Nilisema, basi, nimepata ninachotaka, na nikaliweka gitaa ukutani.

Hapo ndipo nikapanga jambo ambalo niliona ni la haki kabisa. Nilisema: pedali hii imetengenezwa ili mtu aweze kupiga peke yake. Mimi nina kazi, nina Mama, nina kanda. Melania ndiye aliye peke yake. Basi nikuombe wewe ruhusa, nimpelekee gitaa na pedali yake huko Lugufu, apige mwenyewe bila kumhitaji mtu. Nililala vizuri baada ya kuamua hivyo, na hilo lingepaswa kunishtua, maana mtu kama mimi akilala vizuri ujue kuna kitu hajakifikiri.

Mzee Oswald, mwenyekiti wetu wa kwaya, unayemkumbuka kwa kofia yake, alikuwa anakwenda kambini kwa shughuli za kanisa. Nikamtuma amweleze Melania mpango wangu na amwonyeshe kwa ishara pedali ilivyo. Alirudi Jumatatu amelowa mpaka kofia. Hakutaka hata chai kwanza.

"Jibu lake nimeambiwa nilifikishe kama lilivyo," akasema, "kwa hiyo usinicheke." Akakaa vizuri, akaigiza sauti ya Melania. "'Mwambie Skola, mukono yangu inamusikilizaka yeye kwanza, kisha njo inavuta. Mguu itasikiliza nani? Gitaa asilete. Alete yeye.'"

Mama alicheka. Mzee Oswald mwenyewe akacheka, akaomba chai. Mimi nilitoka nje nikasimama chini ya upenu, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimemfikiria Melania kwa miezi, na katika mawazo yote hayo sikuwahi kumuuliza anataka nini. Nilimpangia upweke na chombo cha kuupigia.

Nikamuuliza Mzee Oswald Melania anaishi vipi. Akasema anaimba katika kwaya ya huko, ni kubwa kuliko yetu, na anawafokea watu wa sauti ya tatu. Shangazi yake anauza tena mawese, kidogo kidogo. Akasema amekonda, lakini ulimi haukukonda.

Sasa ombi langu, Mjomba, si lile nililotaka kukuletea wiki mbili zilizopita. Tumeshapewa kibali cha kwenda kuimba Lugufu Jumapili ya Matawi, barabara ikiruhusu, na mwenyekiti anasema Mungu akijalia tutakuwa tukienda kila baada ya muda. Naomba gitaa libaki Kigoma ili kila safari niende nalo na nirudi nalo. Huko litakuwa mapajani mwangu na kichwa chake kitakuwa upande wa Melania. Hapa katikati nitafanya mazoezi ya sehemu yangu tu, na ile nyingine nitaiacha wazi. Nimejaribu. Mwanzoni inasikika kama sentensi iliyokatwa, lakini sasa naanza kuizoea, kwa sababu najua ni nani atakayeimalizia.

Nafahamu kwamba Feliksi anasubiri, na kwamba baba ndiye wa kwanza kumfikiria mwanawe. Ukisema hapana, nitalifunga na nitalituma, wala sitanuna, au nitanuna mahali ambapo huwezi kuniona. Lakini Tanga ni mji mkubwa wa bandari, Mjomba. Magitaa yapo. Melania mwingine hayupo.

Pamoja na barua hii mtu wa treni atakupa kifurushi kizito kidogo. Ni pedali ya Eliakimu, na skrubu zake nimezifunga kwenye kitambaa. Ni ya Feliksi. Inafungwa kwenye gitaa lolote, na nimechora upande wa pili wa karatasi hii namna ya kuipanga. Mwambie inafaa sana kwa mtu anayejifunza na ambaye bado hana wa kukaa naye. Akimpata, aifungue.

Nisalimie sana Mama Feliksi, umwambie zile mbegu za mchicha alizotuma zimeota licha ya mvua. Msalimie Feliksi mwenyewe, na mtoto Hasna ambaye nasikia ameanza kutembea. Huku Mama anakusalimu, Bi Mwanvua anakusalimu, na Mzee Oswald anauliza kama bado unaimba kwa sauti ile ile. Nimemwambia sina uhakika, ila namwombea asiwepo kuisikia.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akupe kifua chepesi na siku za jua, nasi atupe barabara inayopitika.

Nabaki mpwa wako mkaidi, akupendaye na kukuheshimu,

Skolastika