Baba anataka kuirudisha boti baharini, na mimi nimesikia ubavu wake ukivunjika

Shikamoo Mama Bhavna,

Mimi ni msichana niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi juu kidogo ya Tengeru, na naomba unisaidie kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia jambo hili. Hata wewe nakuandikia kwa kuwa huwezi kuniona ninavyoona aibu. Naishi ndani ya boti. Naomba usicheke, watu wote wanacheka. Si boti ya kuzungukia Ziwa Duluti, ni boti kubwa ya matanga, ya mbao, ya baharini kabisa, na imesimama katikati ya migomba yetu juu ya magogo, na kuingia tunapanda ngazi.

Baba alifanya kazi katika boti hiyo kule Tanga tangu mimi sijaanza shule, walikuwa wanapeleka wageni Pemba na Pangani, na masika yakianza wageni wanakatika, basi mimi na mama tulikuwa tunashuka Tanga wakati wa likizo tunakaa na baba botini mpaka safari zianze tena, tunapiga msasa, tunapaka rangi, mama anapika kwenye jiko linaloning'inia ili sufuria isimwagike boti ikiyumba, na baba ananifundisha mafundo ya kamba, na mama alikuwa anaimba. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba hatukuwa watu wa ajabu. Tulikuwa na furaha mle ndani kuliko mahali popote.

Halafu mwenye boti, mzee wa kigeni, aliugua akarudi kwao, akamwachia baba boti iwe yake, na wakati huohuo bibi, mama yake baba, akaanza kuugua hapa nyumbani. Baba hakutaka kumwacha bibi wala hakutaka kuiacha boti, basi akaipakia kwenye lori la kubebea mitambo akaileta huku mlimani, akasema ataitengeneza masika hayo tu huku anamuuguza mama yake, kisha ataishusha majini. Zilikatwa safu mbili za kahawa alizopanda babu ili ipate pa kukaa. Bibi hakukaa sana, tukamzika hapohapo shambani, na boti haikuondoka. Huu ni mwaka wa tatu.

Mbao za kutengenezea alizitoa kwenye nyumba ya bibi, ile tuliyokuwa tunalala. Alianza na dari, akasema hizi ni za mti wa loliondo, huwezi kuzipata tena mbao kama hizi, halafu milango, halafu sakafu ya chumba changu, na siku moja mama aliporudi sokoni alikuta upande mmoja wa paa umeshushwa na baba yuko juu anang'oa misumari, akamwambia, "Mama watoto, hamieni botini kwa muda. Mbona Tanga mlikuwa mnapapenda?" Mama aliweka kikapu chini akakaa juu yake, nyanya zote zikapondeka, na hakuonekana kujua.

Mama alivumilia. Lakini Jumapili watu wakitoka kanisani wanapita kwetu kupiga picha, na jirani mmoja kila akipita anapaza sauti, "Nuhu, mvua yako inaanza lini?" na baba anamjibu kutoka juu, "Wewe cheka tu, nafasi ya mbuzi ninayo, yako ndiyo imejaa," wanacheka wote wawili, ila mama hacheki. Siku moja alimwambia baba mbele yangu, "Nuhu aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?" Baba aliendelea kupiga msasa. Mama akafunga nguo zake akaenda kwa mjomba Mikaeli kule Makumira, na alipofika chini ya ngazi alinitazama akasema, "Ukichoka, njia unaijua." Mimi nilibaki kwa sababu baba akiwa peke yake hali chakula, anakunywa chai tu na kufanya kazi.

Sasa shida yenyewe ni hii, Mama Bhavna, na naomba unisome mpaka mwisho. Boti ya mbao inatakiwa ikae majini. Ikikaa nchi kavu mbao zinakauka na kusinyaa, na yetu imekauka miaka mitatu, mpaka nikilala kitandani kwangu asubuhi nilikuwa naona mwanga unaingia kati ya ubao na ubao kama mistari. Tanga baba alikuwa anaziba kwa kukalafati, anasokomeza pamba na kitu laini juu yake, lakini huku aliacha hayo, akaziba nyufa zote kwa vijiti vya mbao na gundi iliyokuwa ngumu kama jiwe, akapiga msasa, akapaka rangi nyeupe. Inapendeza sana. Huwezi kuona hata alama.

Lakini kwetu hapa shoka likilegea kwenye mpini tunalitumbukiza kwenye beseni la maji, mpini unavimba, asubuhi shoka limekaza. Siku moja nilikuwa nalitoa shoka kwenye beseni nikaitazama boti, nikajiuliza, je, mbao zote hizi zikivimba pamoja, na hakuna nafasi iliyobaki, zitakwenda wapi? Nikachukua vipande viwili vilivyobaki vya mbao zilezile, nikavibana ndani ya fremu ndogo niliyoipigilia misumari, katikati nikaziba kwa gundi ileile ya baba, nikaikausha vizuri kisha nikaitumbukiza kwenye ndoo. Nilipokuja kuitazama fremu ilikuwa imeachana pembeni na misumari imechomoka.

Nikajiambia labda nimekosea, mimi si fundi. Halafu mwezi wa nne mvua kubwa ilipasua turubai lililofunika boti upande wangu, maji yakatiririka kwenye mbao siku kadhaa, na nikiwa nimekaa kitandani nakunja nguo nikasikia kitu kimelia nyuma ya mto kama mtu amevunja muwa. Nilipapasa nikakuta ubavu mmoja wa boti, yale magogo yaliyopinda yanayoshika mbao kwa ndani, una ufa unaoingia kucha yangu. Hayo ni maji ya mvua tu, upande mmoja tu. Baba haingii chumbani kwangu, anasema mimi ni mkubwa sasa, kwa hiyo hajauona.

Nimejaribu kumwambia. Nilipanda nikasimama karibu naye, akasema, "Shika hapa," nikashika, akapigilia, akasema, "Wewe ndiye baharia wangu wa kwanza," nikashindwa. Siku nyingine nilimfuata chini akiwa anakoroga rangi, na kabla sijafungua mdomo akaniambia taratibu kabisa, "Siku boti hii ikigusa maji, mama yako atarudi. Utaona." Sasa mimi nikimwambia boti haiwezi, si ni kama nimemwambia mama harudi? Kahawa ya babu ameikata, hana nyumba, hana mama yake, kilichobaki ni hiyo boti, halafu mimi ndiye niende nikaitoe mkononi mwake.

Lori la kuishusha Tanga linakuja mwisho wa mwezi. Limeshaahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza baba alisema njia ya shambani ina tope, mara ya pili akasema rangi haijakauka, na mara ya tatu dereva alifika kabisa akasimama getini, baba akamwambia arudi kwa kuwa tumefiwa, na kwetu hakuna aliyefariki, nadhani alikuwa anamkumbuka bibi. Safari hii amesema hakuna kuahirisha, na mchungaji ameombwa aje kuiombea. Baba anataka twende naye wawili mpaka Pemba. Sijui kuogelea. Mjomba amenitafutia nafasi ya kusoma kilimo cha mboga na maua hapa Tengeru, nalo hilo sijamwambia baba.

Usiku nikilala nashika ule ufa kwa kidole. Nafikiri nikinyamaza tutazama, na nikisema atazama yeye peke yake hapahapa kwenye migomba. Sioni njia, Mama. Naomba uniambie la kufanya, na naomba usitaje jina langu. Baba hununua magazeti ya zamani ya kutandika sakafuni akipaka rangi, ndiko nilikokujua wewe, na siku hizi nasoma gazeti jipya kwa mjomba.

Binti wa Botini

*

Marahaba, mwanangu.

Sikucheka. Nilipofika pale penye nyanya za mama yako niliweka barua chini kwanza.

Na sasa nitakugombeza. Una fremu iliyoachana, una ubavu uliovunjika nyuma ya mto wako, una akili ya kufanya jaribio ambalo watu wazima hawakulifikiria, na ukavichukua vyote hivyo ukamwandikia mwanamke wa mjini asiyejua hata boti inapandwa upande gani. Anayehitaji kusikia yuko hatua chache kutoka kitandani kwako, ameshika msasa. Aibu naijua, nilikuwa nayo nikiwa na umri wako. Lakini aibu si ruhusa ya kumwacha mtu apande chombo unachojua kitapasuka, na wewe ukiwa ndani yake.

Unasema ukimwambia utamvunja moyo. Ndiyo, utamvunja. Sitakudanganya kwamba atakushukuru. Huenda akakufokea, huenda chai yake isinyweke wiki nzima. Lakini moyo ukivunjika shambani, mtu anaweza kukaa chini, kuna ardhi. Mbavu za boti zikivunjika kati ya Tanga na Pemba hakuna pa kukaa.

Sasa soma barua yako tena, pale ulipoandika habari za lori, kwa sababu umeniandikia jambo ambalo wewe mwenyewe hukulisoma. Tope. Rangi. Halafu msiba usiokuwepo, dereva akiwa tayari getini. Mwanangu, mtu mwenye hamu ya kurudi baharini hamrudishi dereva kwa kumzulia maiti. Na baba yako ameishi na boti hiyo miaka yote hiyo, kila masika akisokomeza pamba na kitu laini mahali palepale alipoweka gundi ngumu sasa. Mimi sijui boti, lakini najua mtu anayefanya kazi yake kinyume na alivyoizoea huwa anajua. Nadhani anajua. Nadhani aliziba hivyo kwa sababu boti ikiwa nyeupe na haina ufa, hakuna anayeweza kumwambia kwamba alikata kahawa ya baba yake na kubomoa nyumba ya mama yake bure. Na sasa ameita lori na mchungaji, hajui namna ya kuwarudisha, na kila siku anangoja mtu mmoja apande ngazi amwambie basi. Jirani anacheka, mama yako ameondoka, wewe unashika ubao unapoambiwa ushike. Nani atamwambia?

Naweza kuwa nimekosea. Kama hajui, lazima ajue. Kama anajua, lazima apate wa kubeba naye. Vyovyote vile, wewe unapanda.

Usingoje ujasiri, hautakuja. Fanya mchana, siku ya kazi, hakuna wageni wa picha. Mpe chai kwanza, hakikisha ameinywa. Kama mdomo hautafunguka, usiulazimishe: mwekee ile fremu mkononi. Kisha mwambie neno moja tu, "Baba, njoo," umpeleke chumbani kwako, uondoe mto, uchukue kidole chake ukiweke kwenye ufa. Halafu unyamaze. Hapo ndipo kimya chako kitafaa. Usianze kumtetea, usiseme labda, usiseme mimi si fundi.

Akiisha kuondoa kidole, mwambie mambo mawili kwa sauti ya kusikika. La kwanza, kwamba hutapanda boti hiyo majini mpaka fundi wa boti kutoka Tanga aje aipasue hiyo gundi na kusema kama bado kuna boti chini ya rangi. Huenda ipo, huenda haipo. Jiandae kwa haipo. La pili, kwamba unaanza chuo, na jioni utalala Makumira kwa mama yako. Chakula cha baba yako utampelekea, kutoka Makumira hadi Tengeru si safari. Kumpikia ni upendo. Kulala ndani ya ubavu uliovunjika ili yeye asione ni kitu kingine, nacho kitakumaliza.

Kuhusu mama yako. Baba yako anaamini atarudi boti ikigusa maji. Barua yako haisemi hivyo. Mama yako alikaa botini likizo nyingi akiimba. Alikimbia nyumba isiyo na paa na mume asiyejibu anapoulizwa. Sijui kama atarudi, na usimwahidi baba yako kwamba atarudi. Ila zile mbao za loliondo zilitoka kwenye dari, na mbao zilizotoka zinajua pa kurudi. Hilo mwambie baba yako, kwa wakati wake, si siku ile.

Lori ni mwisho wa mwezi. Gazeti hili likishasomwa mjini litauzwa kwa kilo, na siku moja litatandikwa chini ya kopo la rangi katikati ya migomba yenu, na baba yako atainama kufuta tone, aone neno Tengeru, aendelee kusoma. Asilisikie hili kutoka sakafuni. Panda kesho.

Mama Bhavna